Maji ya Bati

Jumatatu, 18 septemba 2000

Daftari hili nimepewa na Aurore, mukubwa wa ekipe, kundi letu la gari. Kwa juu ameandika kwa herufi nzuri: Carnet ya Gari. Akaniambia, "Tonton Anaclet, kila asubuhi na kila jioni uandike nguvu ya betri. Siku ya concours, yale mashindano, jury ya waamuzi itasoma yote." Nikamuuliza kama naweza kuongeza maneno yangu. "Kidogo tu," akasema. Mutoto wa watu, hajui amempa nani kalamu.

Basi, jury, mujue munasoma nani. Mimi ni Anaclet, soudeur wa Cimpunda, mtaa wa kule juu ambako mulima unamaliza pumzi za watu. Masomo niliyaacha mwaka wa pili wa sekondari, na masomo njo yalilia, si mimi. Yaliyobaki nilisomea Bujumbura, Kigoma, Kalemie na Kisangani. Nimechomelea mashua, nimechomelea kengele ya kanisa, nimechomelea kitanda cha mukubwa mmoja ambaye sitaji jina lake kwa heshima ya kitanda.

Sasa nachomelea gari la umeme. Wanafunzi watatu wa université wamekuja nalo kwangu: Aurore anayeamuru, Josué anayesema Kifaransa, na Zagabe anayefunga nyaya na hasemi kitu. Mwili wa gari ni mabomba ya vitanda vya hospitali, magurudumu ni ya pikipiki, mota tumeitoa kwa kigari kilichokuwa kinabeba magunia kwa kiwanda kilichokufa. Betri nne. Tarehe 9 desemba tutashindana na ekipe za Bagira na Nyangezi kwenye kiwanja cha mpira. Saa moja nzima, na atakayezunguka mara nyingi njo mushindi. Ekipe itakayoshinda itapelekwa Kampala. Katika vita hii, ambapo kwenda Walungu tu unaaga watoto kwanza, Kampala ni kitu cha kuota.

Betri jioni: volti 12,7 zote nne, zimeshiba.

Jumatano, 20 septemba

Mvua. 12,6.

Jumamosi, 23 septemba

Zagabe ameanza kulala kwa atelier, karakana yangu, ili alinde gari. Nimemupigia ile hadithi ya Kisangani, ya koloneli na mamba. Hajacheka. Mutu asiyecheka kwa hadithi ile ama ni mugonjwa ama ana siri.

Betri ya nne ni yake. Ilitoka kwa kamyo ya baba yake, lori iliyochomwa mwaka jana kwa barabara ya Walungu, na baba hakutoka. Vifuniko vyake vimezibwa na lami, havifunguki. Ni mbaya kama uso wangu kabla ya chai. 12,6.

Jumatano, 27 septemba

Betri tatu zina kiu, sahani za ndani zinaonekana. Aurore anataka maji ya duka la dawa, yale yasiyo na kitu ndani. Duka la dawa! Siku hizi wanauza aspirini nusu nusu. Nikamuambia, "Binti yangu, mvua ni maji ambayo jua limeyachemsha na Mungu ameyapoza. Unataka fundi gani zaidi?" Akafikiri, akasema, "Sawa, tonton. Lakini uweke beseni katikati ya uwanja, yaanguke moja kwa moja toka juu." Nikasema ndiyo.

Lakini beseni linataka nusu siku, na mimi nina pipa zima chini ya mufereji wa bati la paa. Mufereji huo nimeuchomelea mwenyewe, haujavuja miaka kumi na sita, wageni wanausifu. Nimejaza betri tatu kutoka kwa pipa. Ile ya lami nimeiacha na kiu yake.

Ijumaa, 6 oktoba

Juzi jioni zote nne 12,7. Leo asubuhi tatu ziko 11,5, karibu tupu. Ya lami 12,6. Ajabu. Kura, umeme wa muji, imekuja masaa matatu, tumejaza tena.

Jumanne, 10 oktoba

Tatu zimelala tena. Ya lami iko macho. Mvua. Nimeongeza maji.

Ijumaa, 13 oktoba

Tena.

Jumatatu, 16 oktoba

Leo joto limepanda kwa atelier, na mota ilikuwa baridi.

Josué ameweka kidole kwenye namba za daftari hili. "Angalieni. Betri tatu za ekipe zinaisha, ya Zagabe haiishi. Na nani njo analala hapa?"

"Mimi njo nalala hapa," Zagabe akasema. "Nalala tu."

"Basi kura inaenda wapi? Iko na miguu?"

Wateja wangu wawili watatu walikuwa wamesimama pale, na mimi mbele ya watu siwezi kufunga kinywa, ni ugonjwa. Nikasema, "Mumuache mutoto. Iko nalisha phonie ya wakubwa wa camp. Nao wanaogopa giza."

Phonie ni ile redio ambayo wanajeshi wageni waliotukalia wanaongelea na wenzao, na kuilisha ni kuwapa kura yetu. Watu walicheka mpaka mumoja akashika meza. Nilicheka na mimi. Hata Aurore alicheka kidogo, kisha akaangalia chini.

Zagabe aliweka koleo mezani polepole, kama mutu anayeweka yai, akatoka kunawa mikono.

Jioni: 12,7 zote.

Ijumaa, 20 oktoba

Watoto wa kwenye bomba la maji wanamuita Zagabe Phonie. Nimewafukuza, lakini kusema kweli nilikuwa natabasamu. Jina limekaa vizuri mudomoni.

Jumanne, 24 oktoba

Mama mumoja amemukataza Zagabe kugusa ndoo yake. Hapa kwetu, toka hao wenye bunduki watukalie, kuna majina ambayo hayanawi kwa sabuni, na la mutu wao, anayewatumikia, ni la kwanza. Sikufikiri. Tatu zimelala.

Alhamisi, 26 oktoba

Wamemupiga jiwe. Juu ya jicho la kushoto. Nimemuosha kwa maji ya chumvi, na Emérence, bibi yangu, amekata kipande cha kitenge chake kumufunga. Nilipiga kicheko kimoja ili nimutie moyo. Akaniangalia na jicho lililobaki.

"Tonton, ile maneno ya phonie, ulisema kwa kuchekesha?"

"Kwa kuchekesha tu, mwanangu."

"Basi uwaambie."

Nikasema nitawaambia. Kesho.

Jumamosi, 28 oktoba

Aurore amemuambia apumzike kwanza. Zagabe amefunga blanketi yake, anaenda kwa tante yake, shangazi wa Nyangezi. Betri ya lami ameiacha. "Gari bila hiyo haitembei," alisema, basi. Kwa watu sijasema kitu. Watu walikuwa wengi.

Jumatatu, 30 oktoba

Muji umefunga maduka, kila mutu nyumbani, ni njia yetu ya kuwanunia wenye bunduki. Mvua peke yake barabarani.

Alhamisi, 2 novemba

Nimenunua kufuli mupya. Nalala mwenyewe kwa atelier, ufunguo shingoni. Jioni 12,7 zote nne.

Jumamosi, 4 novemba

11,3. Zote tatu. Ya lami 12,6.

Nimekaa kwa kiti cha gari muda murefu. Kufuli nzima. Ufunguo shingoni. Hapa nililala mimi peke yangu, na phonie sina.

Aurore amekuja saa mbili, akauliza, "Zimeamuka?" Nikasema zimeamuka. Kwa sehemu ya namba nimeandika 12,6. Karatasi hii nitaichana kabla ya jury.

Jumanne, 7 novemba

12,6 (11,4). Najaza kila kura ikija, kabla Aurore hajafika. Nimechoka kama mutu anayebeba maji kwa kikapu.

Ijumaa, 10 novemba

12,6 (11,2). Josué anatembea kifua mbele, anasema, "Si niliwaambia?" Namuchukia kidogo. Kisha nakumbuka yeye aliuliza swali tu. Jibu nililitoa mimi.

Jumapili, 12 novemba

Bunduki toka alfajiri upande wa barabara ya kusini. Tunazijua, Emérence anachambua maharagwe na kuhesabu. Saa nane mchana zimekwisha.

Jumatatu, 13 novemba

Wanawake wa soko wamepanda kutoka Nyangezi bila mizigo. Wanasema vijana wamekamatwa njiani, kwamba waliulizwa wao ni wa nani, na kila jibu lilikuwa baya. Nimemuuliza kila mumoja kama amemuona kijana murefu mwenye kovu juu ya jicho la kushoto. Mumoja akaniuliza, "Yule Phonie?" Hata kule jina limefika mbele yangu.

Kama wapiganaji wenyeji wamemukamata, watamuua kwa jina nililomupa mimi. Kama wanajeshi wamemukamata, atajiteteaje? Atasema anawafanyia kazi?

Sikuandika betri.

Ijumaa, 17 novemba

Mvua. Mvua. Hakuna habari.

Jumapili, 19 novemba

Naandika polepole ili nisiruke kitu.

Jana Emérence alishuka ziwani kutafuta visamaki vya sambaza vya kuuza, na mimi nilitaka shati nyeupe ya misa. Nilifua mwenyewe. Mwanaume aliyefika Kisangani anaweza kufua shati. Leo asubuhi imekauka na madoa ya rangi ya chai, kifuani na mugongoni, kama ramani ya nchi iliyogawanywa.

Emérence, anayeniita kwa jina la mutoto wetu, ameishika kwa vidole viwili. "Papa Aganze, ulifulia nini?"

"Maji. Watu wanafulia nini?"

"Maji ya wapi?"

"Ya pipa."

Amecheka mpaka amekaa chini. Miezi miwili hajacheka hivyo. "Ile mayi ni ya kuosha miguu na sufuria! Iko na kutu ya bati. Kila mwanamuke wa Cimpunda anajua, nguo nyeupe unangoja mvua ya uwanjani. Miaka kumi na sita, hukujua?"

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unasifu mufereji. Ningeingilia wapi?"

Nikaenda kwenye pipa, nikaingiza mukono mpaka kwapani, nikagusa chini. Umetoka mwekundu. Matope ya kutu, laini, miaka kumi na sita.

Kutu ni chuma. Miaka thelathini naishi na chuma, nakila kwenye mukate. Na Aurore alisema beseni, katikati ya uwanja. Nikafungua daftari hili, nikarudi nyuma: 27 septemba, nimetia maji, betri tatu. Ya lami sikutia. 10 oktoba, nimeongeza maji. Kila nilipozinywesha zilizidi kuugua, na ile niliyoiacha na kiu ikapona. Yote nimeandika kwa mukono wangu, na sikusoma. Hakuna aliyekuwa anaiba kura. Ilikuwa inakufia ndani ya betri, kwa chuma nilichoitilia mwenyewe.

Emérence hakucheka tena. Ameniuliza, "Na yule mutoto?"

Misa sikuenda. Nimevaa ile shati hivyo hivyo, siku nzima.

Jumanne, 21 novemba

Nyangezi na kurudi, kwa miguu. Vidole vinatoka damu.

Nimezoea kusema nimetembea nchi nzima. Barabara ya leo, kilometa ishirini na kitu, ilinitosha. Nilifuata wanawake watano wa soko. Kwa kizuizi cha wanajeshi, kamba juu ya vijiti viwili, mumoja aliniuliza, "We muzee, unaenda wapi?" Toka nizaliwe sijawahi kukosa utani wa kumupa mutu mwenye bunduki. Leo sikuwa nao. Nikasema, "Naenda kuomba musamaha." Akaniangalia, akashusha kamba. Labda alifikiri ni kichaa.

Zagabe yu muzima. Alikuwa uwanjani anatengeneza redio ya jirani. Moyo wangu ulilia kabla ya macho. Siku ile ya bunduki alijificha ndani ya migomba, na usiku wake, na siku iliyofuata. Tante Virginie, mwanamuke mufupi mwenye sauti nene, hakunipa kiti.

"Huyu njo mwenye kuchekesha?" aliuliza.

"Ndiyo, maman. Ni mimi."

Nikasema yote nikiwa nimesimama. Pipa, kutu, namba za uongo, kila kitu. Zagabe alisikiliza akiwa ameshika bisibisi. Nilipomaliza akauliza, "Sahani za ndani zimekuwa nyekundu?" Ufundi kwanza! Nikasema sijafungua kuangalia. Akasema tumwage asidi, tuoshe mara tatu kwa mvua safi, tutie asidi mupya, labda moja itapona.

"Utarudi basi?"

"Tonton, kule Cimpunda nilitukanwa mbele ya kartie nzima. Wewe umenitafuta hapa, unaniambia mbele ya kuku wa tante."

Kuku kweli walikuwa wanasikiliza.

"Nitakuja tarehe tisa, kwa kiwanja," akasema. "Watu wa kartie watakuwa pale. Nitaangalia."

Wakati naondoka, tante Virginie alinifuata na ndizi mbili ndani ya jani. "Usife njiani," akasema, "bado una kazi."

Jumatano, 22 novemba

Nimemuambia Aurore na Josué. Aurore alilia kwa hasira, kisha akaniuliza beseni liko wapi. Josué akasema kwa Kiswahili, mara ya kwanza, "Na mimi nilinyoosha kidole." Kisha mvua ikaja, tukatoa mabeseni yote ya Emérence uwanjani.

Jumatano, 29 novemba

Tumeosha. Moja imepona. Mbili zimekufa kabisa, ndani ni uji. Tuna mbili badala ya nne. Gari litatembea, lakini nusu ya mbio. Kampala imeenda. Aurore ameliona hilo kabla yangu, na ameendelea kukaza bulo kwa spana.

Jumapili, 3 desemba

12,7. Namba ya kweli. Na jana 12,7, na juzi.

Jumamosi, 9 desemba

Tumesukuma gari kutoka Cimpunda mpaka kiwanjani, na nusu ya kartie nyuma yetu. Nilivaa shati ya madoa. Emérence alinitafutia nyingine, nikakataa.

Zagabe alikuwa amesimama karibu na goli la mbali, peke yake. Kovu limekauka. Watu waliacha nafasi kumuzunguka. Nilisikia, "Phonie amekuja."

Kabla ya mashindano kila ekipe inasoma carnet yake. Padri Polycarpe, musimamizi wa jury, aliita ekipe yetu, Aurore akanipa daftari. Kusoma nilikuwa nimeomba mimi mwenyewe. Karatasi ile sikuichana.

Nikasema, "Watu wa Cimpunda, mukaribie. Ninyi hasa."

Nikasoma 27 septemba, na mufereji, na wageni wanaousifu. Wakacheka, wanamujua Anaclet. Nikasoma 16 oktoba, lile neno langu, na jinsi tulivyocheka. Kicheko kikapungua. Nikasoma jiwe. Nikasoma 4 novemba, kufuli nzima na ufunguo shingoni. Hapo nilisikia mvua nyepesi kwenye majani. Nikasoma shati, nikafungua koti wakaiona.

"Phonie hakuwepo," nikasema. "Hakuna aliyewahi kulisha phonie. Ni maji ya bati, na mimi njo niliyatia. Kijana huyu nilimutupa kwenu ili niwachekeshe. Jiwe mulirusha ninyi, lakini niliwapa mimi."

Wakati mwingine wowote ningeongeza utani. Nilimeza.

Kisha yule mama wa ndoo, pale mbele, akasema kwa sauti, "Haki ya Mungu! Muzee muzima, hajui maji ya bati!" Wanawake wote wakapasuka. Wanaume hawakucheka sana, nafikiri nusu yao walikuwa wanafikiria betri za nyumbani kwao. "Maji ya Bati!" mutoto mumoja akalia. "Maji ya Bati!"

Zagabe alikuja taratibu kutoka kwa goli. Hakuniangalia. Akakaa kwenye kiti cha gari, akagusa nyaya moja moja, akamuuliza Aurore, "Tuanze?"

Bagira walitoka kama risasi. Dakika ya ishirini mota yao ilitoa moshi kwenye matope, ikakaa. Nyangezi walitembea vizuri, mizunguko thelathini na nane. Sisi ishirini na sita. Gari letu lilikuwa na mbio za mutu anayerudi kutoka mazishi. Watoto walikimbia pembeni yake na kulipita. Zagabe alishika usukani kwa mikono miwili, kwa makini, kama barabara ni ya kweli.

Firimbi ililia. Nyangezi wakasimama, wakabebana. Letu likaendelea, likamaliza muzunguko mumoja ambao hauhesabiwi, likaja kusimama mbele ya watu wa Cimpunda. Akashuka, akaitoa betri ya lami kwa gari, akaiweka miguuni pangu.

"Beba," akasema.

Ni kilo kama ishirini. Toka kiwanjani mpaka Cimpunda ni kupanda tu. Nimeibeba kichwani, asidi ikininukia, yeye mbele na mimi nyuma, tukapita kwenye bomba la maji, tukapita soko, tukapita mbele ya kila mulango. Hakuna aliyenipokea, na sikutaka. Pale kwenye ngazi za mawe nilisimama kupumua. Na yeye akasimama. Hakugeuka, lakini aliningoja.

Jumatano, 13 desemba

Padri Polycarpe amenirudishia daftari, amesema kurasa zimebaki. Mvua. Zagabe analala tena kwa atelier, mpaka masomo yafunguliwe. Leo nimempa hadithi ya koloneli na mamba kwa mara ya pili. Hajacheka. Kwa kweli si hadithi nzuri sana.

Betri ya lami: 12,6.

Jumamosi, 16 desemba

Siku ya nne sijasikia Phonie popote. Leo asubuhi nimeshuka kwenye bomba na ndoo yangu, watoto wamepanga foleni, mumoja akaniita kwa nguvu zake zote, "Maji ya Bati!"

Nimeitika.